Mwenye Jibini

Mzee Katungye tumemzika Jumamosi, nyumbani kwake nje kidogo ya Mbarara. Nasema tumemzika kwa sababu na mimi nilikuwepo, nimevaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, na zamu yangu ilipofika nilitupa udongo konzi iliyojaa. Sikwenda kulia. Nilikwenda kuhakikisha. Baada ya kaburi kufunikwa tulikaa chini ya turubai, tukapewa matoke na nyama, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti akaanza kumsifu marehemu kwa Kinyankore. Akasifu ng'ombe wake, akasifu matangi yake ya maziwa ya Bwizibwera, yote hayo nikayameza pamoja na matoke. Halafu akasema marehemu ndiye aliyewafundisha watu wa huku kutengeneza jibini, kazi aliyorithi kwa baba na babu. Watu wakapiga makofi. Nikaweka sahani ya nyama chini. Umri nilio nao, mvi zote hizi, bado mtu yule aliweza kunikasirisha akiwa ndani ya udongo. Nilitaka kusimama pale pale. Lakini mtu hagombani na aliyekufa mbele ya wajane wake, kwa hiyo nilikunja kitenge changu nikaondoka.

Jioni ile ile Bahati akapiga simu. Bahati ni mtoto wa marehemu dada yangu, anaishi Marekani, si mjini bali shambani kabisa, mahali pa mahindi na theluji, anakamua ng'ombe wa mzee mmoja wa Kizungu. Babu wa babu wa yule mzee alitoka Denmark. Bahati anasema picha yake imetundikwa sebuleni, mtu wa ndevu na kofia, na jina lake limeandikwa kwa rangi juu ya zizi, na kila mgeni akija lazima asimuliwe jinsi alivyofika na sanduku moja, hajui lugha, ng'ombe wake wa kwanza akafa kwa baridi, na jinsi siagi yake ilivyokuja kujulikana wilaya nzima. "Mama mudogo," Bahati akaniuliza, "ule muzee ananiulizaka kila siku wa kwetu ni nani. Siye tuko na nani?" Nikamwambia angoje, nitamwandikia. Habari za wazazi wangu na namna tulivyovuka mpaka sitaziandika. Hizo kila mkimbizi anazo. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa msichana wa kuanza kufunga kitambaa kichwani, nikiishi na Koko.

Koko ni bibi yangu, mzaa mama, jina lake M'Lwaboshi, wa kabila la Bashi, Kivu ya Kusini kule Kongo. Nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale ilikuwa ya udongo, paa la turubai, chumba kimoja ambacho nusu yake ilikuwa ya watu na nusu ya jibini. Upande wa jibini ulikuwa na ubao uliotandikwa matete, na juu ya matete zile duara zake zimepangwa, kila moja na alama za kikapu, kwa kuwa Koko hakuwa na vyombo vya kuumbia jibini; alifuma vikapu vidogo kwa mafunjo ya ziwani, akamimina humo maziwa yaliyoganda, akayakandamiza kwa jiwe. Kila asubuhi alizigeuza na kuzipangusa kwa maji ya chumvi, akizisemesha. Alijifunza kwa masista wa misheni akiwa mtoto wa jikoni, huko milimani kwetu, na akaniambia kwamba alipokimbia, sufuria ziliibwa, mbuzi waliibwa, lakini kazi hii hakuna aliyeweza kuipekua mfukoni mwake. Maziwa aliyapata kwa wafugaji waliopakana na kambi, na jibini aliipeleka sokoni Rwekubo, ikapanda teksi na wachuuzi mpaka Mbarara. Wakongo waliita fromaji, na yeye wakamwita Mama Fromaji. Jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo. Mtu akimwita hivyo njiani, alikuwa ananyoosha mgongo.

Juu ya mafiga yetu kulikuwa na kitu kingine ambacho lazima nikieleze mapema, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalining'inia pale. Yalikuwa matumbo madogo ya ndama, yamekauka, yamekunjamana, rangi ya tumbaku. Maziwa hayagandi jibini kwa maombi. Yanahitaji tumbo la ndama anayenyonya bado, ambaye hajaonja jani hata moja. Koko aliyanunua kwa mchinjaji wa Kikongo, akayatia chumvi, akayatundika kwenye moshi, kisha akawa anakata kipande na kukiloweka kwenye chupa. Maji yake, vijiko vichache tu, alikuwa anayaita dawa. Mimi nililala chini ya matumbo yale mwaka mzima na sikuona ajabu yoyote. Kwetu sisi ilikuwa kama kulala chini ya vitunguu.

Katungye alikuja mwenyewe, kwa gari lake, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameonja ile jibini katika hoteli moja mjini. Alikataa kuingia ndani, akasimama mlangoni na fimbo yake, mtu mrefu, mzuri wa sura, na sauti ya kuita ng'ombe. Swahili yake ilikuwa ile ya Uganda, ya askari na ya sokoni.

"Mama, kuja Mbarara. Mimi iko na maziwa mingi, wewe iko na hii kazi. Nitapatia nyumba. Tutakuwa kama ndugu."

Koko hakuuliza habari ya malipo. Aliuliza jambo moja: "Na batu batajua kama ni miye niko natengeneza?"

"Banange! Watajua. Msichana yangu naolewa huu mwaka. Siku ya kuhingira, watu wote wakikuja, mimi tasimama tasema, hii mama ya Congo ndio alitengeneza. Jina yako tasema."

Kuhingira ndiyo sherehe ya Wanyankore ya kumtoa binti, siku ambayo baba wa binti humpa ng'ombe wa kwenda nao kwa mume, na wakwe huja kwa fahari yote. Koko aliniangalia. Nikaona macho yake yamelowa, na mimi mjinga nikafurahi naye. Tukafunga matete, vikapu na matumbo yetu, tukaacha kiwanja chetu na mahindi yakiwa yamefika kiunoni.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa chumba nyuma ya jiko, kilichokuwa cha kuku. Tukakipaka udongo mpya, tukatundika matumbo yetu juu ya mafiga kama kawaida. Siku ya kwanza Katungye akatuita uani kutupa sheria za maziwa. Siku hizi Wanyankore wengi wameziacha, lakini yeye alizishika kama amri za kanisa. Katika nyumba yake aliyekula nyama hakunywa maziwa siku hiyo, na aliyekula samaki hakukaribia hata vyombo vya mti vya kukamulia, kwa kuwa kitu cha damu kikikutana na maziwa, waliamini, viwele vya ng'ombe vinaharibika na kundi zima linapungua.

"Nyinyi watu ya Congo nakula samaki," alisema. "Kula, hapana shida. Lakini maziwa ya hii nyumba hapana kunywa. Ng'ombe yangu itaharibika."

"Na ile ya fromaji, nitaishika na mikono ya nani?" Koko akauliza.

Akacheka. "Ile ni biashara. Biashara hapana mwiko."

Koko akasema, kwa adabu, maana yeye pia alitoka kwa watu wa ng'ombe na alijua uzito wa mambo hayo: "Muzee, iko jambo moja ya ile dawa yangu. Inafaa ulijue."

"Mambo ya jikoni ongea na wanawake. Mimi nataka kuona imeganda, basi."

Akaenda zake. Nawaambia ukweli wa Mungu, Koko alifungua mdomo kumwambia, na yeye aliufunga. Na wanawake wa nyumba ile hawakuuliza, wala hakuna hata mmoja aliyeingia chumbani mwetu muda wote ule, kwa sababu kilinuka ndagala, dagaa wetu wakavu. Yale matumbo yalining'inia peupe, mlango wazi, na hakuna aliyeinua macho. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tulikula peke yetu. Nyumba kubwa ilikula ugali wa ulezi na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli, na harufu yake ilikuwa inakuja hadi kwetu. Sisi tulikula bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, na ndagala tukiwa nazo. Nilikesha na kiu ya maziwa katika nyumba iliyojaa maziwa. Mchana kutwa mikono yangu ilikuwa ndani ya maziwa ya vuguvugu, nikipima kwa kidole kama yameganda, nikiyakata kwa kisu kirefu, nikiyafunga kwenye kitambaa, na jioni nikanywa chai ya rangi. Jovanis, mke wa mtoto wa kwanza wa Katungye, aliwekwa nasi stoo ajifunze. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu. Akajifunza joto, kukata, chumvi, kugeuza. Dawa alipewa ndani ya chupa, tayari, na hakuuliza inatoka wapi. Koko alimfundisha bila kuficha, akimshika vidole kama alivyonishika mimi.

Stoo ya jibini ilipakana na sebule, na ukuta haukufika juu. Hapo ndipo nilipojifunza Kinyankore, nikigeuza jibini na kusikiliza wageni. Mchana mmoja waliletewa jibini yetu, na mgeni akauliza ilipotoka. Nikamsikia Katungye akisema kwamba ni ufundi wa ukoo wake, na zile alama za kikapu ni ufumaji wa mama yake. Mgeni akataja yule kikongwe aliyemwona uani. "Yule?" Katungye akasema. "Nilimwokota kwenye vumbi la Nakivale. Analeta mikono tu, akili ni yangu. Jovanis akishaishika kazi vizuri, baada ya harusi nawarudisha kwenye turubai lao." Wakacheka, na nikasikia visu vikikata jibini. Koko alikuwa kando yangu, anapangusa. Aliona uso wangu.

"Banasema nini?"

Nikamwambia yote, neno kwa neno, kwa sababu nilitaka naye akasirike kama mimi. Hakukasirika kama nilivyotaka. Aliendelea kupangusa ile iliyokuwa mkononi mwake, pande zote mbili, akairudisha juu ya matete. "Alinipatia neno yake," akasema. "Mutu akikupatia neno, unamungojea mpaka pale neno inaishia. Tutaona." Mimi siku ile nilikuwa nimeshamhukumu Katungye na kumnyonga. Nilitema mate ndani ya kikombe chake cha chai mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sijawahi kulipeleka jambo hilo kwa padri. Wiki chache baadaye mwanamke mmoja wa Nakivale alituletea habari sokoni kwamba kiwanja chetu kimepewa watu wengine, maana tulionekana tumehama. Kwa hiyo hata turubai la kurudishwa halikuwepo tena. Koko alisikiliza, akamshukuru yule mama, akanunua kitenge kipya cha kuvaa siku ya kuhingira. Sasa alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu duniani, ile sentensi aliyoahidiwa.

Siku ikafika. Uani palifungwa maturubai meupe, ng'ombe wa pembe ndefu waliopewa binti wamesimama kando, wamepakwa samli wanang'aa. Wakwe walikuwa wafugaji wakubwa, wakali wa mila kumshinda hata Katungye, na mkuu wao alikuwa mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, kila mtu akimwita Afande. Siku ile sharti lilikuwa vitu vya maziwa tu mpaka jua lipinduke, nyama ingengoja. Jibini yetu ilizungushwa kwenye sahani, vipande vidogo vyenye alama ya kikapu, na wakwe walikula wakarudia. Mimi na Koko tulisimama mlangoni mwa jiko. Kitenge chake kilikuwa bado na harufu ya duka. Alinishika mkono.

Afande akanyanyua kipande. Aliongea Swahili yake ya jeshini, nadhani kwa kupenda kuonyesha alikofika. "Katungye, hii kitu tamu sana. Nani alitengeneza? Mimi nataka shukuru yeye na mkono yangu."

Katungye akasimama, akachukua kipaza sauti. Macho yake yakapita juu ya watu wote, yakafika mlangoni kwetu, yakapita. Nasema yakapita, kama mtu anavyopita ndoo.

"Hii ni ya nyumba yangu," akasema. "Babu yangu alijua, baba yangu alijua, na mimi nilifundisha watoto. Hapana mkono ya mtu ya inje."

Makofi. Koko akaniachia mkono. Akatoka mlangoni, akavuka uwanja mzima kwa mwendo wake wa kawaida, mpaka mbele ya meza ya wakwe, akapiga magoti kama mila ya pale inavyotaka mwanamke amsalimie mkubwa. Watu walidhani ameleta maji ya kunawa.

"Afande, karibuni," akasema. "Niombe tu nielezee bageni ginsi inatengenezwaka, juu muzee amesahau kumaliza. Tunakamata ndama, ile ingali inanyonya, haiyaonja majani. Banaichinja. Tunatoa tumbo yake, tunaitia chumvi, tunaitundika ku moshi. Kisha tunailoweka, na ile maji yake ndio inagandisha maziwa. Maziwa ya mama, na tumbo ya mutoto wake. Ndio vile baba yake Katungye alimufundisha."

Taya la Afande likasimama. Aliyekuwa karibu naye akamtafsiria wa pili kwa Kinyankore, wa pili wa tatu, na nikaona lile neno likitembea safu kwa safu chini ya turubai, sahani zikiwekwa chini nyuma yake. Mzee mmoja akatoka mbio ameshika mdomo. Afande akatema kwenye leso, akaikunja, akaiweka mezani mbele ya Katungye. Akaomba maji, akasukutua, akatema tena. Kisha akauliza, taratibu sana: "Katungye. Baba yako alifanya hii?"

Jamani, mimi nimekula harusi nyingi na ubatizo mwingi, lakini chakula kitamu kama uso wa Katungye wakati ule sijala tena. Akisema ndiyo, basi ukoo wake mzima, tangu babu, ni watu wanaopika ndama ndani ya maziwa ya mama yake, na ng'ombe wale waliopakwa samli wametoka katika kundi chafu. Akisema hapana, amewadanganya wakwe mbele ya binti yake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake iliishia pale kwenye ile leso. Akamwonyesha Koko kwa fimbo. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwake, na alipopiga kelele, sauti ilisikika mpaka barabarani, boda boda wakasimama kusikiliza.

"Hapana! Naapa kwa kaburi ya baba yangu, hii kitu si yangu! Ni ya huyu mama! Huyu mama ya Congo, M'Lwaboshi! Yeye ndio alitengeneza, tangu siku ya kwanza, yeye peke yake! Hapana mtu ya nyumba yangu najua hii kazi! Yote ni ya yeye!"

Koko akainuka, akakung'uta vumbi magotini.

"Aksanti, muzee," akasema. "Nilikuwa nangojea ile neno tu."

Tuliondoka na vikapu vyetu kichwani, hakuna aliyethubutu kutugusa. Wakwe walimchukua bibi harusi, ila ng'ombe waliwaacha pale pale, na watu wa Mbarara walicheka habari ile mpaka ikachakaa. Nilipita siku moja baadaye nikajionea wale ng'ombe wa samli wakichunga karibu na barabara, nikawapungia mkono. Sisi tulirudi Nakivale tukaomba kiwanja kingine, upande wa mawe, tukaanza upya. Koko aliendelea kugeuza duara zake hadi vidole vilipokataa, na leo vikapu hivyo nafuma mimi. Kule mjini, watu waliposahau, Jovanis alianza tena kutengeneza, kwa unga wa kugandishia wa dukani, na karatasi ya kufungia ikaandikwa jina la Katungye. Niliiona nikanyamaza. Jumamosi nimeona kwamba ukinyamaza, watu huokota hata kile ambacho mwizi mwenyewe alikitupa mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo, Bahati, mwambie mzee wako kwamba na sisi tunaye. Alifika bila hata sanduku, kiwanja chake kikachukuliwa akarudi akaanza kingine. Jina lake M'Lwaboshi, na jibini ya Mbarara ni yake. Mzee akikuuliza shahidi ni nani, mwambie tumemzika Jumamosi.